Jiwe la kwanza kwa wembe wa babu

Swali: Mzee, salaam. Niko Arua, Uganda, nafundisha shule ya msingi. Babu yangu, aliyekuwa askari wa Keya (jeshi la King's African Rifles la enzi za ukoloni), ametutoka na kuniachia wembe wake wa kukunja. Shingoni umeandikwa Sheffield. Kutu si nyingi, ila umebutuka, na karibu na ncha pana pengo dogo kama limeng'atwa na panya. Nataka kuunoa mwenyewe na kunyolea ndevu zangu. Nimeona mawe ya kila namna: seti ya manne kwa bei ya kutupa, mawe ya Kijapani, na rafiki mmoja ananishawishi nitafute jiwe la Ubelgiji. Nina shilingi 350,000. Ninunue jiwe gani la kwanza? Au niokote tu la Mto Enyau, kama wazee walivyonolea visu vyao? Na nikilipata, visu vya mama jikoni navyo nivinolee hapo hapo?

Jibu: Mwalimu, salaam na wewe, na pole kwa kuondokewa na babu. Nitakujibu kwanza, sababu zitafuata. Nunua jiwe moja la maji lenye pande mbili, namba 4000 upande mmoja na 8000 upande wa pili (namba hupima ulaini wa chembe, nitaieleza). Kabla ya jiwe, nunua ngozi ya kupitishia wembe kabla ya kunyoa. Lile pengo usilinunulie jiwe. Tutaliondoa kwa msasa wa maji wa shilingi elfu chache tu. Pesa ikibaki, iache ilale, usinunue jiwe la pili mwaka huu.

Najua wengi watakwambia uanze na jiwe la 1000, kwa sababu ndilo linalojenga makali na hayo mengine yanayang'arisha tu. Wanasema kweli, na mimi ninalo la 1000 na limeshalika nusu. Lakini mimi nanoa nyembe za watu, kila wiki naletewa ulioanguka sakafuni au uliofunguliwa makopo. Wewe una wembe mmoja. Jiwe la 1000 utalitumia siku moja, kisha litakaa kabatini miaka, maana wembe unaotunzwa haurudi huko chini. Jiwe utakalolirudia kila baada ya miezi miwili mitatu, maisha yako yote ya kunyoa, ni la 8000. Pesa nzuri iende kwa jiwe ambalo mkono utalirudia.

Hili sikulisoma mahali. Nilikulia Bombo, na mjomba wangu alikuwa kinyozi. Alikuwa na jiwe moja tu, dogo la kuenea kiganjani, na mkanda wa ngozi uliofungwa kwenye kiti cha mteja. Akishanyoa watu kadhaa na kuhisi wembe unavuta, anaupitisha kwenye kile kinoo mara nne tano, anarudi ngozini, kazi inaendelea. Sikuwahi kumwona na jiwe la pili. Mawe ya vinyozi yalitengenezwa hasa kwa ajili hiyo, kuamsha makali yaliyosinzia. Lililovuma sana lilikuwa Swaty, kutoka Maribor, mji ambao leo uko Slovenia. Ukimkuta mzee mwenye nalo, na halina ufa wala halijaliwa katikati, mbembeleze.

Sasa shika wembe wako uutazame kutoka ncha, kama unayechungulia tundu la ufunguo. Utaona mgongo mnene, halafu mashavu mawili yaliyochimbwa ndani kama bonde, halafu makali. Ukiulaza juu ya kitu bapa, sehemu mbili tu ndizo zinazogusa: mgongo na makali. Pembe ya kunolea imekwisha kupimwa. Mgongo ukiwa na unene wa milimita 5 na wembe ukiwa na upana wa milimita 17, mishazari miwili, yaani zile nyuso mbili nyembamba zilizonolewa kandokando ya makali, inakutana kwa pembe isiyofika digrii 17, na huna haja ya kuishika kwa mkono. Ndiyo maana kunoa wembe, kinyume na watu wanavyoogopa, kuna wepesi kuliko kunoa kisu. Kwenye kisu mkono wako ndio unaoshika pembe na mkono huchoka. Hapa fundi wa Sheffield, kule Uingereza, alishakushikia. Kazi yako ni kutouinua mgongo hata mara moja, na kuhakikisha jiwe ni bapa kweli kweli.

Hapo ndipo jiwe la mtoni linapoanguka. Nimewaona wazee wakinoa panga kwenye mwamba wa mto, hata kwenye kizingiti cha saruji, na panga likakata vizuri. Panga halijali. Lakini jiwe la mtoni lina chembe za kila ukubwa zilizochanganyika, na chembe moja ya mchanga mgumu katikati ya jiwe linaloonekana laini inatosha kuchimba mfereji kwenye makali ambayo unene wake hauonekani kwa macho. Isitoshe, mto huliviringisha jiwe, hauliachi bapa. Mwachie Enyau mawe yake.

Usimpe pia yule jamaa wa baiskeli anayezungusha gurudumu kwa pedali. Ni fundi mzuri wa visu na mikasi, simwonei. Ila gurudumu kavu lina joto, na wembe karibu na makali ni mwembamba kuliko karatasi, joto halina pa kwenda. Chuma cha kaboni kikifika karibu na digrii 300 hugeuka buluu, na ukishaiona hiyo buluu, ugumu wa pale umekwenda. Hakuna jiwe litakalourudisha.

Tuje kwenye namba, maana hapa ndipo watu hupoteza pesa. Namba ikipanda, chembe inapungua. Jiwe la Kijapani la 1000 lina chembe za kama mikroni 11 hadi 16 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), la 8000 ni kati ya mikroni 1 na 3 kulingana na kiwanda, na unywele wa kichwa chako ni kama mikroni 50 hadi 100. Msasa nao una namba, lakini ule wenye herufi P mbele unafuata kipimo kingine. P2000 una chembe za kama mikroni 10, kwa hiyo ni jirani wa jiwe la 1000, si wa jiwe la 2000. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini nakwambia msasa utafanya kazi ya jiwe ambalo hununui.

Ile seti ya manne kwa bei ya kutupa niliwahi kuinunua mwenyewe, nikidhani nimemwahi muuzaji. Upande ulioandikwa 10000 ulikuwa laini kwa kidole, rangi nyeupe ya kupendeza. Nikapitisha wembe uliokuwa tayari umemalizwa, kisha nikautazama kwa lenzi ya fundi saa: mistari imekatiza makali kama barabara ya murram baada ya mvua. Mtu yeyote anaweza kuchapa namba kwenye boksi. Kwenye jiwe la kumalizia unalipia jambo moja, kwamba chembe zote zinafanana, na jambo hilo halionekani kwenye picha. Nunua jiwe ambalo jina la kiwanda linajulikana na watu wamelinolea nyembe kwa miaka.

Kuhusu la Ubelgiji, rafiki yako hakudanganyi. Linaitwa Coticule, la rangi ya maziwa yaliyotiwa manjano, linachimbwa milima ya Ardennes upande wa Vielsalm. Ndani yake mna punje ndogo sana za madini ya ganeti, ngumu na za mviringo, kwa hiyo hukata bila kuacha makucha. Mwenye mkono hulianza na uji mzito wa jiwe (unga wake uliochanganyika na maji), anaongeza maji kidogo kidogo uji upungue, anamaliza kwa maji matupu, na jiwe lile lile moja limefanya kazi ya matatu. Ninalo, nalipenda, na likianguka nitalia. Lakini ni jiwe la asili: mawili yaliyotoka shimo moja hayana tabia moja. Wembe ukikataa kukata, mgeni hajui kama kosa ni la mkono, la uji au la jiwe. Jiwe la kiwandani linakuondolea shaka moja. Kosa likitokea, ni lako, na la kwako unaweza kulirekebisha. Coticule isubiri hadi utakapokuwa umenoa wembe huu mara kumi.

Kuna na jiwe la kijivu kutoka Guangxi, China, linalouzwa kwa jina la 12000. Hilo nalo ni la asili, namba ni ya kubandika, ila si baya: laini kweli, bei ndogo, na polepole kama kinyonga. Baadaye ukitaka kitu cha kupandia juu ya 8000 bila kufilisika, likumbuke.

Basi, kwa majina: Norton wana jiwe la 4000 na 8000 lililounganishwa, na watu wengi wamejifunzia hapo. Ni kubwa, inchi 8 kwa 3, laini mkononi, na linasema nawe. Unahisi chuma kinakatwa. Kasoro yake ni kwamba likitoka kwenye boksi mara nyingi si bapa, na huliwa haraka. Ukilikosa, Naniwa, Suehiro na Shapton wanatengeneza mawe mazuri ya 8000 yanayosimama peke yake. Chukua hilo moja, na nafasi ya 4000 uizibe kwa msasa ulio laini kuliko wote utakaoupata. Itakuchukua muda mrefu zaidi juu ya jiwe, basi. Na kama mtu anakuuzia King la 1000 na 6000 lililo zima, hapo hapo ulipo, bila kusubiri mzigo, sitakugombeza ukilichukua. Makali ya 6000 yakimaliziwa vizuri kwenye ngozi hunyoa, ingawa shavu litajua.

Bei unayoiona mtandaoni siyo itakayokufikia Arua. Jiwe la ukubwa huu hukaribia kilo, usafiri hulipwa kwa uzito, kisha URA, mamlaka ya mapato, wana ushuru wao na VAT ya asilimia 18 juu yake. Ndiyo maana nimekuzuia kwenye jiwe moja. Piga hesabu yote kabla hujabonyeza. Ukiwa na ndugu anayesafiri, jiwe ni zawadi nyepesi kuagiza kuliko simu.

Kabla hujatoa hata shilingi, ukague wembe. Mulika makali kwa tochi ukitafuta vidonda vya kutu vilivyochimba. Madoa meusi mashavuni si kitu, ila kidonda kilicho juu ya makali kabisa kitaendelea kumomonyoka kila unapokikaribia. Tafuta ufa, hasa kuanzia kwenye lile pengo kwenda juu. Ukiuona, wembe huo ni wa kumbukumbu, uweke kwenye kabati la vioo. Tazama mgongo kama umeliwa bapa upande mmoja kuliko mwingine. Halafu uusafishe kwa spiriti ya asilimia 70, si kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe, maana klorini hula chuma cha kaboni usiku mmoja. Na kuanzia leo ni wa kwako peke yako. Wembe unaogusa damu hauazimwi, hata kwa kaka.

Pengo sasa. Nenda duka lolote la rangi za magari, uombe msasa wa maji, ule mweusi, P1000 na P2000, karatasi mbili mbili. Tafuta kipande cha kioo kinene, milimita 6 au zaidi, kingo zake zimesuguliwa zisikukate. Taili pia inafaa, lakini iwekee rula kwanza, nyingi zina tumbo. Lowesha mgongo wa karatasi, ilaze kwenye kioo, ibonyeze hewa itoke. Maji yenyewe yataishika. Bandika mgongoni mwa wembe tepu ya mafundi umeme, tabaka moja, bila mkunjo, kwa sababu utaondoa chuma kingi na hatutaki kuula mgongo wa babu. Ukishaanza na tepu, maliza na tepu hadi kwenye 8000, ukiibadilisha ikichakaa; ukiitoa katikati, pembe inabadilika na unaanza upya.

Wembe husukumwa makali yakiwa mbele, kana kwamba unataka kukwangua ngozi nyembamba ya karatasi. Mgongo na makali vyote vimelala. Ukifika mwisho, unaupindua kwa kuzungushia mgongo, kamwe si makali, unarudi. Kwenye P1000 weka uzito wa kidole kimoja, si zaidi. Ukikandamiza, makali membamba hupinda yakakimbia msasa na unabaki unanoa mashavu. Karatasi ikivimba mahali, itupe, kwa sababu uvimbe utaipiga ncha. Endelea hadi pengo litoweke, ukihesabu pande zote mbili sawa. Huenda ikachukua jioni mbili. Usione haya kupumzika, uchovu ndio huinua mgongo.

Utajuaje umefika? Paka mishazari yote miwili wino wa kalamu ya maka, pitisha mara mbili, tazama. Palipobaki wino, msasa haujafika. Kisha simama chini ya taa moja, elekeza makali juu, yaangalie moja kwa moja. Makali butu yana ubapa wake, kwa hiyo hurudisha mwanga kama uzi mweupe. Makali yaliyokutana hayarudishi chochote, unaona giza. Hamia P2000, rudia hadi mikwaruzo ya P1000 iishe, halafu jaribu nywele za mkono, wembe ukiwa umegusa ngozi: zikatike kuanzia kisigino (mwisho wa makali upande wa mpini) hadi ncha, bila sehemu iliyoteleza. Ikiwepo iliyoteleza, usiende mbele. Nimewaona watu wakikaa saa tatu kwenye 8000 wakitafuta makali ambayo hawakuyajenga huku chini, na jiwe ndilo hubeba lawama. Kama kusoma kipimo hiki kunakutia wasiwasi, hakuna aibu kumpa fundi anayejua nyembe hatua hii moja, kisha wewe ukachukua kuanzia 4000. Wembe mwepesi, utapanda basi la Kampala na kurudi.

Jiwe likifika, hata kama ni jipya na linang'aa, lisawazishe. Chora mistari ya penseli juu yake kama madirisha, weka msasa wa maji wa P220 hadi P400 kwenye kile kioo, mwagia maji, sugua hadi penseli yote ifutike kwa pamoja. Mistari ikibaki katikati, jiwe lina bonde. Punguza pia ukali wa kingo za jiwe, zisikwaruze. Utarudia hili kila baada ya kunoa mara chache, na upande wa 4000 utahitaji zaidi.

Maji. Umesema uko Arua, najua hali ya jerikeni: chini hukaa mchanga. Punje moja ikipanda kwenye 8000 umerudi kwenye jiwe la mtoni. Chuja maji kwa kitambaa safi, na bakuli la jiwe lisiwe lile la kuoshea sufuria. Norton huloweshwa dakika 10 hadi 15. Shapton na wenzake hunyunyiziwa tu, na baadhi ya mawe ya Naniwa yakilazwa ndani ya maji usiku kucha hupata nyufa. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi. Ukimaliza, likaushe kivulini. Jua la saa saba la Februari litalipasua jiwe zuri mbele ya macho yako. Mafuta usiyakaribishe kabisa. Hilo ni jiwe la maji.

Kwenye 4000 hadi mikwaruzo ya msasa iishe, kwenye 8000 hadi ya 4000 iishe. Sikupi hesabu ya mipigo kwa sababu yangu haitakuwa yako. Kwa kuwa jiwe karibu lina upana sawa na urefu wa wembe, wembe uende ukiteleza kidogo pembeni, kuanzia kisigino ukimalizia ncha, ili kila sehemu ipate zamu yake. Mwishoni kwenye 8000 ni uzito wa wembe peke yake. Kuna wakati maji yataanza kupanda juu ya makali badala ya kukimbia mbele, na wembe utahisi kama unanyonywa na jiwe. Hiyo sauti na hiyo hisia zikumbuke, zina thamani kuliko maneno yangu yote hapa.

Ngozi niliyokutaja mwanzo itoe kwa fundi viatu au wauzaji wa vitu vya ngozi. Ya ng'ombe, hata hawa wetu wa Ankole, milimita 2 hadi 3, uso laini usio na kovu, upana wa sentimita 7, urefu wa sentimita 45 au 50. Itundike kwenye msumari, ivute ikaze, mgongo wa wembe uende mbele na makali yafuate nyuma. Ukisahau, umekata ngozi na umeua makali kwa pigo moja. Mara 20 kwenye kitambaa cha jinzi kilichochakaa, mara 50 kwenye ngozi, kila asubuhi kabla ya kunyoa. Ngozi ikichelewa, kunja gazeti la New Vision vizuri, lilowe kidogo, likauke likiwa limebanwa kwenye ubao, upitishe hapo. Wenye vibanda vya kunyoa walifanya hivyo zamani na wateja hawakulalamika. Ile sabuni ya kijani ya kung'arishia vyuma, ambayo mtu atakushauri uipake, iache: nyingi zimechanganywa na chembe kubwa kuliko za jiwe lako.

Na hapa nina jambo ambalo wauza mawe hawatakuambia. Watakusukuma upande hadi 12000, hadi 20000. Sisi wenye ndevu zilizojikunja tuna shida yetu: unywele ukikatwa chini sana hujikunja ukaingia ndani ya ngozi, na shingo inajaa vipele. Unaponyoa, fuata ndevu zinakoelekea, pita mara moja, usirudi kinyume eti uso uwe kama yai. Kwa kunyoa kwa namna hiyo, 8000 na ngozi nzuri vinakutosha kabisa. Mimi nina la 12000, Naniwa, na shingo yangu hutulia zaidi wiki ninazolisahau. Huenda ni mkono wangu, lakini nimeangalia miaka mingi.

Visu vya mama. Hapana. Kisu cha jikoni kina pembe pana, kimepita kwenye mfupa na kwenye sinia la chuma, makali yake yamejaa meno, na pigo moja la pembeni litachimba 8000 mfereji utakaokula nusu siku kuusawazisha. Tena nyanya hazitaki makali ya 8000, zinataka makali yenye ukwaruzo kidogo. Ile P1000 itakayobaki ibandike kwa gundi kwenye kipande cha ubao ulionyooka, umwekee jikoni, umwonyeshe namna. Lile jiwe lako lilaze chumbani, na kama mama yako anafanana na wangu, funga na kabati.